Chapa ya Vinasaba Hainyaushi Mgomba

Siku hizi mjadala wowote kuhusu bakteria wanaoangamiza mazao hukatizwa kwa sentensi moja: "Vinasaba vimeshasema." Ikishatamkwa, kikao kimekwisha. Bwana shamba aliyeinua mkono ili aeleze alichokiona kibanjani anaushusha, na mwanafunzi aliyetumia msimu mzima kudunga miche ya migomba kwa sindano anaulizwa, kwa huruma, kwa nini hakutumia njia ya kisasa. Imani iliyo nyuma ya sentensi hiyo imeenea vyuoni, wizarani na kwa wafadhili kiasi kwamba hakuna anayejisumbua kuitetea. Inachukuliwa tu kwamba ndivyo mambo yalivyo. Mimi naona sivyo yalivyo, na naona inatugharimu.

Tuiseme kwanza kama wenyewe wanavyoisema, kwa uzito wake wote.

Bakteria, wanasema, hawana mbawa wala maua ya kuwatofautisha. Ukimtazama kwa hadubini, Xanthomonas wa kabichi na Xanthomonas wa mgomba ni vijiti vilevile. Ukiwaotesha kwenye sahani, wote wanatoa ute uleule wa njano. Vipimo vya zamani, vya kuuliza bakteria anakula sukari gani na anatoa asidi gani, havikuweza kuwatenga, jambo ambalo D. W. Dye wa New Zealand alikwisha kulionyesha mwaka 1962. Kwa kukosa kipimo, wanasayansi wa zamani walimwita kila bakteria kwa mmea aliokutwa nao. Kila mmea mpya ukazaa spishi mpya, hadi majina yakapita mia. Mwaka 1980, orodha rasmi ya majina ya bakteria ilipopitishwa upya, sehemu kubwa ya rundo hilo ilikuwa imekwisha kusukumwa ndani ya spishi moja, Xanthomonas campestris, na kila mmoja akaachiwa kitambulisho cha daraja la chini kiitwacho pathova: kundi linalotambuliwa kwa mmea linaoutia ugonjwa.

Hapo ndipo chapa za vinasaba zilipoingia. Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilibainika kwamba jenomu za bakteria zina vipande vifupi vinavyojirudia, vikapewa majina REP, ERIC na BOX, vimetawanyika huku na huku. Unanakili kwa PCR sehemu zilizo kati ya marudio hayo, unazipitisha kwenye jeli kwa umeme, fupi zinatangulia na ndefu zinabaki nyuma, na mwisho unapata michirizi kama ile iliyo nyuma ya pakiti ya sabuni dukani. Mwaka 1994 Frank Louws na wenzake huko Michigan walionyesha kwamba pathova za Xanthomonas na Pseudomonas zina michirizi yao. Mwaka 1995 Luc Vauterin na wenzake huko Ghent, Ubelgiji, kwa kupima jinsi DNA ya bakteria mmoja inavyoshikamana na ya mwingine, walilivunja rundo la campestris na kuigawa jenasi nzima katika spishi 20. Miaka mitano baadaye Jan Rademaker na wenzake wakaonyesha kwamba chapa zinakubaliana vizuri na vipimo vya Ghent. Basi ni kipimo cha haraka, kisichotegemea mvua, umri wa mmea wala jicho la mtu. Kwa hiyo bakteria ni kile ambacho chapa yake inasema, mmea anaoutia ugonjwa ni habari ya pembeni, na majina, karantini na fedha za utafiti vifuate chapa.

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ninayogombana nayo. Zilizoitangulia ni historia, na ni za kweli.

1. Chapa haisomi kinachoua

Mchukue Agrobacterium tumefaciens, anayeotesha uvimbe shingoni mwa mizizi ya waridi, mizabibu na miti ya matunda. Silaha yake iko kwenye plasmidi, duara la DNA lililo nje ya kromosomu. Mnyang'anye plasmidi hiyo na hatadhuru hata mche wa siku tatu. Kromosomu yake haikuguswa. Ukoo wake ni uleule, wazazi walewale, na chapa iliyochukuliwa kwenye kromosomu itakuapia kwamba ni yuleyule. Mkulima atakuapia kwamba siye, na mkulima ndiye mwenye miti.

Watetezi wa chapa hujibu kwamba huo ni mfano wa pekee. Twende basi Martinique, kisiwa cha Karibi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kulizuka huko aina ya Ralstonia solanacearum iliyonyausha maua ya anthurium na mimea ya jamii ya matango. Vinasaba viliiweka katika kundi la 4, ambamo wamo bakteria wa Moko, mnyauko unaoogopwa sana katika migomba ya Amerika. Kwa kufuata chapa peke yake, wenye mashamba ya ndizi kisiwani walipaswa kuanza kuchoma moto. Bakteria wakadungwa kwenye migomba. Migomba ikaendelea kuota. Emmanuel Wicker na wenzake walipochapisha matokeo mwaka 2007, kundi hilo la kijenetiki lilibidi liongezewe mkia: 4NPB, herufi tatu zenye maana ya "haiugonjweshi mgomba." Yaani tulitoka kwenye majina ya mimea kwa sababu ni ya kishamba, tukapanda hadi kwenye namba safi za mfuatano wa DNA, na namba ya kwanza iliyotuletea shida tukaibandika jina la mmea.

Kuna na kinyume chake. Majani ya maharage yanaungua kingoni kana kwamba moto umepita. Mkulima wa Mbeya au wa Kitale anaona ugonjwa mmoja, unaosafiri na mbegu, unaozuilika kwa kutopanda mbegu hiyo. Chapa zinaona koo nne za kijenetiki, zilizogawanyika katika spishi mbili. Kwa nini koo nne zinafanya kazi moja kwenye zao moja? Kwa sababu zimeazimana zana. Valente Aritua, mtafiti wa Uganda, na wenzake waliposoma jenomu zao mwaka 2015 walikuta vipande vya DNA vilivyohama kutoka ukoo hadi ukoo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Uwezo wa bakteria kuuingia mmea fulani na kuushinda hukaa katika jeni chache: zile zinazotengeneza protini ambazo bakteria huzidunga ndani ya seli za mmea ili kuzima kinga yake. Jeni hizo zinahama, zinapotea, zinavunjika, zinaokotwa kwa jirani. Chapa ya marudio inapima masafa kati ya vipande ambavyo havina uhusiano wowote na kazi hiyo. Ni kipimo kizuri cha undugu. Anayekiuza kama kipimo cha hatari anauza kitu ambacho hakimo dukani mwake.

2. Chapa inaazima maana kwa yule inayemdharau

Michirizi kwenye jeli haizungumzi. Ili ujue kwamba ngazi fulani ya michirizi ni ya bakteria wa mpunga, lazima kuwe na bakteria wa mpunga wa kuilinganisha naye, aliyehifadhiwa kwenye kichupa chenye lebo. Nani aliandika lebo? Mtu aliyemtoa kwenye jani la mpunga, akamwotesha, akamrudishia mpunga, akaona mpunga unaugua. Hazina zote za chapa zinazojivunia kutomhitaji mtu huyu zimejengwa juu ya daftari lake.

Hata ule mstari unaotenganisha spishi na spishi, unaotajwa siku hizi kwa sauti ya mtu anayetaja kasi ya mwanga, una historia ya kuchekesha. Mwaka 1987 kamati ya wataalamu ilikubaliana kwamba bakteria wawili ni spishi moja ikiwa DNA zao zinashikamana kwa asilimia 70 hivi. Kwa nini 70? Kwa sababu idadi hiyo ilielekea kukubaliana na spishi zilizokuwa zimekwisha kutambuliwa kwa njia nyingine. Jenomu nzima zilipoanza kusomwa, mstari ukahamishiwa kwenye ufanano wa asilimia 95 au 96. Kwa nini 95? Kwa sababu inalingana na ile 70. Kipimo kipya kilikaguliwa kwa kipimo cha zamani, cha zamani kilikaguliwa kwa macho, kisha tunaambiwa macho hayaaminiki.

Watetezi wana mfano wanaoupenda, na ni mfano wenye nguvu, kwa hiyo siwezi kuuruka. Agosti 1984, katika kitalu cha michungwa huko Florida, yalionekana madoa yenye bakteria. Serikali ilitangaza kwamba ni kidonda cha michungwa, ugonjwa uliokuwa umefutwa jimboni humo kwa gharama kubwa miongo kadhaa kabla. Karibu miche na miti michanga milioni 20 iliharibiwa. Baadaye vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba bakteria wale hawakuwa wa kidonda. Walikuwa wengine, wapole zaidi. Unaona, wanasema, macho yanavyochoma mali za watu?

Ila macho yalikuwa yameona. Kidonda halisi cha michungwa huinuka juu ya jani kama kipele chenye gamba. Madoa ya kitalu cha Florida yalikuwa bapa. Tofauti hiyo haikuhitaji jeli wala umeme. Kilichochoma miche ni uamuzi wa kuwaandikisha bakteria hao chini ya jina la bakteria wa kidonda, wakaitwa aina E, na sheria ikasoma jina. Sheria haikutazama jani. Jina lilipewa mamlaka kuliko ugonjwa wenyewe, na tiba tunayoandikiwa ni kulipa mamlaka hayohayo jina jingine, safari hii lililotoka kwenye mashine ya bei ghali zaidi.

3. Kisa cha musacearum

Mfano wa karibu kuliko wote uko nyuma ya nyumba zetu. Kagera wanauita unyanjano, Rwanda na Burundi kirabiranya. Vitabuni ni mnyauko bakteria wa migomba. Majani yanageuka njano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati wake bila mpangilio, ukiipasua ndizi unakuta kahawia ndani, ukilikata shina linatoa usaha wa njano. Mgomba uliougua hauponi.

Bakteria wake alielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1968 na Dagnachew Yirgou na J. F. Bradbury, kwenye enseti, ndugu wa mgomba ambaye shina na mizizi yake ni chakula cha mamilioni ya watu katika nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia. Walimwita Xanthomonas musacearum, kwa familia ya mimea anayoiua. Mwaka 1974 waliripoti kwamba anaua migomba pia huko huko Ethiopia. Kisha likaja lile sombasomba la kuelekea 1980, naye akasukumwa ndani ya rundo: Xanthomonas campestris, pathova musacearum. Campestris ni spishi ya bakteria wa kabichi. Mwaka 2001 ugonjwa ulionekana Mukono, Uganda, na mwaka huohuo Masisi, Kivu Kaskazini. Miaka michache baadaye ulikuwa umefika Rwanda, Kagera na magharibi mwa Kenya, na mwaka 2010 Burundi.

Sasa chapa zikaitwa kazini. Mwaka 2007 Aritua na wenzake walichapisha matokeo ya chapa za marudio za bakteria waliokusanywa Uganda: wote wanafanana. Mwaka 2008 wakaja na jambo kubwa zaidi. Kwa kutumia asidi za mafuta, chapa za marudio na mfuatano wa jeni iitwayo gyrB, walionyesha kwamba bakteria wa mgomba hana undugu wa karibu na wa kabichi; ndugu zake ni Xanthomonas vasicola, wanaokaa kwenye mtama, mahindi na miwa. Wakapendekeza ahamishwe. Pendekezo likangoja. Mwaka 2020 David Studholme na wenzake, kwa jenomu nzima mkononi, wakalirasimisha: Xanthomonas vasicola, pathova musacearum.

Kazi safi, na undugu huo siupingi. Naomba tu msomaji aangalie vitu viwili.

Cha kwanza kiko ndani ya utafiti uleule wa 2008. Baada ya chapa kuwaweka bakteria wa mgomba na bakteria wa mtama kitanda kimoja, watafiti walifanya kile ambacho tunaambiwa kimepitwa na wakati. Waliwadunga kwenye mimea. Bakteria wa mgomba aliugonjwesha mgomba vibaya. Bakteria wa mtama, ndugu yake wa damu, hakuufanya kitu. Kwenye mahindi wote wawili walileta madhara. Habari pekee katika karatasi hiyo ambayo ofisa wa kilimo angeweza kuifanyia kazi kesho yake asubuhi ilitoka kwenye chungu cha udongo chenye mche.

Cha pili ni jina lenyewe. Musacearum, campestris, vasicola: spishi imebadilika mara mbili katika miaka hamsini na ushee. Neno lililodumu tangu 1968 ni lile walilolitoa watu waliomwona bakteria akiua enseti. Katika jina la leo, sehemu iliyotolewa na DNA inasema bakteria huyu ni wa jamii moja na wa mtama na mahindi. Sehemu iliyotolewa na mmea inasema anaua nini. Mwaka 2016 Marekani ilithibitisha Xanthomonas vasicola kwenye mahindi ya Nebraska, pathova nyingine, vasculorum. Kwa mwenye kufuata spishi, ni bakteria yuleyule. Hakuna mgomba hata mmoja ulionyauka Nebraska. (Nebraska haina migomba, najua, lakini na hilo chapa haikuwaambia.)

4. "Chapa zinatuonyesha ugonjwa ulikotoka"

Hoja hii huletwa ile ya kwanza inapoelemewa. Hata kama chapa haisomi ukali, wanasema, inasoma safari: nani alimwambukiza nani, mpaka upi ulivukwa.

Tuanze na utata wake wa ndani. Chapa za marudio zilisema bakteria wa mgomba Uganda ni kitu kimoja. Mwaka 2012 Arthur Wasukira na wenzake waliposoma jenomu za bakteria kutoka nchi mbalimbali walikuta koo ndogo mbili: moja ya Kongo na Rwanda pamoja na Ethiopia, nyingine ya Uganda, Kenya na Tanzania. Wakasema kwa tahadhari kwamba huenda ugonjwa uliingia eneo letu zaidi ya mara moja. Tofauti kati ya koo hizo ni herufi mojamoja za DNA zilizotawanyika kwenye jenomu, na mchirizi kwenye jeli hauna jicho la kuona herufi moja.

Tukubali basi hizo koo mbili. Mkulima wa Muleba afanye nini ambacho wa Masisi asifanye? Hakuna. Kisu kilekile, mdudu yuleyule, chipukizi lilelile la kupewa na shemeji.

Udhibiti wa ugonjwa huu ulitoka mahali pengine kabisa. Ulitoka kwa watu waliokaa mashambani wakaona kwamba aina ya kayinja, ndizi ya pombe, inaugua mapema kwa sababu maganda ya ua lake dume yanadondoka na kuacha makovu mabichi yanayotoa utomvu, na nyuki na wadudu wengine wanakuja kunywa wakiwa na bakteria miguuni. Dawa ikawa kuliondoa ua dume mapema, kwa kijiti chenye panda na si kwa kisu, kwa sababu kisu ni basi la abiria. Kisha ikaja kuzitia zana kwenye moto au jiki.

Halafu likaja jambo lililobadilisha kila kitu. Kwa miaka mingi ushauri rasmi ulikuwa kung'oa shina zima: mgomba mmoja ukiugua, ng'oa mama, watoto na wajukuu, katakata, zika, kaa miezi sita bila migomba. Aliyeandika ushauri huo hakuwahi kung'oa shina la migomba ya miaka thelathini kwa jembe. Wajane na wazee hawakuuweza, na waliouweza walikataa, maana shina hilo ndilo chakula. Ndipo watafiti walipofuatilia mwendo wa bakteria ndani ya mmea wakagundua kwamba hafiki kila chipukizi: katika shina moja, mmea mmoja unaweza kufa na jirani yake akazaa mkungu mzima. Ushauri ukageuka. Kata ule ulioonyesha dalili peke yake, usawa wa ardhi, pita tena baada ya siku chache, endelea. Kivu, mahali ambapo vita vimefanya ushauri wowote mgumu kuwa ndoto, njia hiyo ilirudisha mashamba.

Ugunduzi huo ulihitaji panga, daftari na subira. Haukuhitaji kujua bakteria anaitwa campestris au vasicola, na kwa kweli ulifanywa angali anaitwa campestris, kwa jina la bakteria wa kabichi, bila madhara yoyote kwa ukweli wake.

5. Sheria inasoma majina

Majina ya bakteria hayaishii kwenye makala za kitaaluma. Yanaingia kwenye orodha za karantini, vyeti vya usafirishaji na mikataba.

Ralstonia wa mnyauko wa viazi na nyanya ni kisa cha kutosha. Zamani aligawanywa kwa mimea na kwa sukari anazokula. Mwaka 2003 vipando vya geranium vilivyokuzwa Kenya vilifika Marekani vikiwa na kundi lililoitwa kwa mgawanyo huo "rasi 3, biova 2", ambalo mwaka mmoja kabla lilikuwa limeorodheshwa kama silaha inayowezekana ya ugaidi wa kilimo. Vitalu vikafungwa, maua yakateketezwa. Mwaka 2005 ikapendekezwa migawanyo ya zamani iachwe, zije koo nne za kijenetiki zinazofuata mabara. Mwaka 2014 koo hizo nne zikageuzwa spishi tatu. Wengi wa bakteria wa Asia na Afrika wakawa Ralstonia pseudosolanacearum, na Umoja wa Ulaya ulibidi uandike upya orodha yake ya wadudu na magonjwa yaliyopigwa marufuku, katika kanuni ya mwaka 2019, ili spishi mpya zisipenye. Sababu ni nyepesi: cheti kinachosema "hakuna Ralstonia solanacearum" kinaweza kuwa cha kweli kabisa juu ya shehena iliyojaa mnyauko. Ulaya ina wanasheria wa kuandika upya. Kituo cha mpakani chenye ofisa mmoja, daftari moja na orodha iliyopigwa chapa miaka kumi iliyopita hakina.

Nyanya nazo zina kisa chao. Bakteria wa madoa walikuwa wamoja, vinasaba vikawafanya spishi nne mwaka 2004, kisha vinasaba hivyohivyo, vikisomwa kwa upana zaidi, vikasema mbili kati ya hizo ni moja. Madoa kwenye nyanya hayakupata taarifa.

6. "Lakini sasa tunasoma jenomu nzima"

Hili ndilo jibu la mwisho, na hutolewa kwa utulivu wa mtu aliyebakiza karata kubwa. Michirizi ni mambo ya kale, wanasema. Leo tunasoma kila herufi, pamoja na jeni za silaha. Tutajua anayeua bila kugusa mmea.

Hutajua. Jenomu inakupa orodha ya jeni zinazofanana na jeni ambazo mahali fulani, siku fulani, mtu alizizima kwenye bakteria akaona mmea hauugui tena. Jeni ambayo hakuna aliyeijaribu kwenye mmea inaandikwa "kazi haijulikani", na jenomu za Xanthomonas zina jeni nyingi za namna hiyo. Tena protini ileile inayomsaidia bakteria kwenye mmea mmoja ndiyo inayomuumbua kwenye mwingine wenye kinga ya kuitambua. Ukali wa bakteria uko kati ya viumbe wawili, na mmoja wao hayumo kwenye kompyuta yako.

7. Bili inalipwa wapi

Kila mradi una mfuko mmoja. Pesa zikienda kwenye mashine ya PCR, vitendanishi vinavyoagizwa nje na kusafirishwa kwenye barafu, na jenereta ya kulinda friji umeme ukikatika, banda la kudungia mimea linabaki bila paa. Kudunga mimea kunachukua wiki na miezi, kunahitaji mtu wa kumwagilia Jumapili, na hakuzai mchoro wa rangi wa mti wa ukoo kwa ajili ya jarida. Kwa hiyo hakufadhiliwi. Mtaalamu wa kudunga na kusoma dalili anastaafu, na nafasi yake inatangazwa kwa mtu wa vinasaba, ambaye atahitaji bakteria waliodungwa na kusomwa na mtaalamu aliyestaafu ili michirizi yake iwe na maana.

Kisha kuna swali la vichupa viko wapi. Marejeo ya chapa zote hizi yamehifadhiwa York, Ghent, Angers na Auckland. Bakteria wa mgomba anayetumiwa kama kielelezo cha pathova nzima, yule ambaye wengine wote hulinganishwa naye, alitolewa kwenye enseti ya Ethiopia na yuko katika mkusanyiko wa Uingereza kwa namba NCPPB 2005. Namba, si mwaka, ingawa nimewasikia wanaodhani ni mwaka. Maabara ya Bukoba au ya Goma inayotaka chapa zake zikubalike inapaswa kumwomba huyo. Na kwa kuwa ni kiumbe cha hatari kwa mazao, ombi hilo linahitaji kibali cha kuingiza nchini ugonjwa wa migomba, kilichojazwa na kugongwa mihuri, kwa ajili ya maabara ambayo ukitoka mlangoni ukakata kushoto unaukuta kwenye mgomba wa mlinzi.